Kutembelea King's College, Cambridge, na Kanisa Lake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya msomaji wa Kiswahili anayepanga kufika Cambridge, awe anatoka Mombasa au Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, au ameishi London miaka mingi bila kupanda treni ya kwenda huko. Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: ingia kanisani mara mbili kwa siku moja, mchana kwa tiketi na jioni kwa sala. Sababu utaziona mbele.

King's College ni chuo kikuu?

Hapana. Chuo Kikuu cha Cambridge kina vyuo 31 ndani yake, na kila kimoja kina majengo yake, mali yake, mabweni, ukumbi wa kulia chakula na mara nyingi kanisa lake. Chuo kikuu ndicho kinachotunga mitihani na kutoa shahada. Chuo ndiko mwanafunzi anakolala, anakokula na anakokaa na mwalimu wake ana kwa ana. King's ni kimoja kati ya hivyo 31, na kilianzishwa mwaka 1441. Usikichanganye na King's College London, ambacho hakihusiani nacho kabisa. Ukinunua tiketi au kumwelekeza dereva, taja Cambridge.

Kwa nini wanafunzi walijengewa kanisa kubwa namna hii?

Kwa sababu aliyelijenga alikuwa mfalme kijana mcha Mungu. Henry wa Sita alirithi kiti cha enzi akiwa mtoto mchanga, na alipoanzisha King's alikuwa na umri wa miaka 19. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameanzisha shule ya Eton, na mpango wake ulikuwa kwamba vijana 70 watoke Eton waingie King's. Kwa zaidi ya miaka 400 hakuna aliyepokelewa hapa bila kupitia Eton.

Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa tarehe 25 Julai 1446. Lakini kabla ya hapo mfalme alinunua na kubomoa sehemu nzima ya mji: nyumba za watu, vichochoro vya kuteremkia mtoni, hata kanisa la mtaa. Ukisimama kwenye uwanja wa nyasi kusini mwa kanisa, unasimama juu ya mtaa uliokuwa na wenyeji wake. Sioni vyema kuutazama uzuri wa mahali hapa bila kulikumbuka hilo.

Ujenzi ulichukua muda gani?

Kuta na dari zilikamilika mwaka 1515, karibu miaka 70 baada ya jiwe la msingi. Kati yake zilipita vita vya koo mbili za kifalme zilizogombania taji. Henry wa Sita aliondolewa madarakani mwaka 1461 na mafundi wakatawanyika. Mwaka 1471 aliuawa ndani ya ngome ya Tower of London. Kila mwaka, tarehe 21 Mei, wajumbe wa Eton na King's huenda kwenye ngome hiyo kuweka maua ya yungiyungi na waridi jeupe mahali inaposadikiwa alifia.

Wafalme waliofuata walisaidia kwa kusuasua, mpaka Henry wa Saba alipotoa fedha za kutosha na mwanawe, Henry wa Nane, akamalizia. Historia hiyo imeandikwa kwenye kuta zenyewe, na huhitaji kitabu kuisoma. Tazama kwa nje: sehemu za chini, hasa upande wa mashariki, ni za jiwe jeupe lililoletwa kutoka Yorkshire, na juu yake kuna jiwe lenye rangi iliyokolea zaidi kutoka Northamptonshire. Mahali rangi inapobadilika ndipo kazi iliposimama.

Nifikeje?

Treni za haraka kutoka kituo cha King's Cross, London, huchukua kama dakika 50. Zipo pia kutoka Liverpool Street, na hizo huchukua muda mrefu zaidi. Anayetua uwanja wa ndege wa Stansted yuko karibu, na treni ya moja kwa moja ipo. Kituo cha treni cha Cambridge kiko kama kilomita mbili kutoka katikati ya mji, kwa hiyo panda basi au tembea nusu saa. Lango la chuo liko kwenye barabara ya King's Parade.

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya utalii ya Uingereza, nayo iombwe mapema. Raia wa Oman na nchi nyingine za Ghuba, wa Marekani na wa nchi za Umoja wa Ulaya hawaombi viza kwa matembezi mafupi, ila huomba kibali cha kusafiri kwa mtandao kabla ya kuondoka. Taratibu hizi hubadilika, basi tazama tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kulipia ndege.

Kuingia ni bure?

Mtalii hulipa. Bei hubadilika kwa msimu na kwa umri, na iliyo sahihi ni ile ya tovuti ya chuo, ambako ndiko pia pa kununulia tiketi mapema. Anayekuja kusali halipi kitu, wala haulizwi dini yake.

Kuna siku ambazo nisije?

Zipo. Kanisa hili hufungwa kwa watalii wakati wa ibada, na wakati mwingine kwa mazoezi, tamasha au kurekodi muziki, na taarifa huweza kuja kwa muda mfupi. Tazama kalenda ya chuo asubuhi ile ile unayokwenda. Karibu na Krismasi ratiba hubadilika kabisa. Kuanzia Aprili hadi Juni wanafunzi wana mitihani, na ingawa kanisa huendelea kupokea wageni, sehemu kubwa ya viwanja vya chuo hufungwa ili wasome kwa utulivu.

Ukiniuliza mwezi wa kuchagua, nitakuambia Oktoba au Novemba. Wanafunzi wamerudi, kwaya inaimba, na watalii wamepungua. Chukua sweta nzito. Jengo la mawe la karne ya 15 halina joto la kumridhisha mtu wa pwani.

Nikiingia, nitazame nini kwanza?

Dari. Utaitazama tu, hata bila kuambiwa. Kanisa lina urefu wa mita 88, upana wa mita 12 na kimo cha mita 24 ndani, na dari yote ni ya mawe. Kutoka kila nguzo ukutani mbavu za mawe zinatanuka kama pepeo la ukindu hadi zikutane na zile za nguzo ya upande wa pili. Hakuna dari ya namna hii iliyo kubwa kuliko hii duniani. Fundi mkuu aliyeijenga, John Wastell, aliimaliza kwa miaka mitatu tu, 1512 hadi 1515.

Swali ambalo kila mtu hujiuliza ni kwa nini haiporomoki. Mawe yake yamechongwa kwa ustadi mkubwa, yakaachwa membamba kadiri ilivyowezekana, na uzito wao husukuma nje kuelekea pembeni. Huko nje kuna mategemeo makubwa ya mawe, 11 kila upande, yanayoupokea msukumo huo na kuupeleka ardhini. Kwa kuwa mategemeo ndiyo yanayobeba mzigo, ukuta ulio kati yao hauna kazi kubwa, na ndiyo maana ungeweza kuondolewa na kuwekwa vioo. Ukitoka nje zunguka upande wa kusini uyatazame. Wengi hupita bila kuyajali, kumbe yasingekuwapo hayo, ndani pasingekuwa na cha kutazama.

Na madirisha?

Madirisha makubwa ni 26. Ukiacha lile la magharibi, lililowekwa karne ya 19, mengine yalitengenezwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, na mafundi wake wengi walitoka nchi za Flanders na Ujerumani. Msimamizi wa kwanza aliitwa Bernard Flower, na baada ya kifo chake kazi ikaendelezwa na Galyon Hone na wenzake.

Ukijua mpangilio, utayasoma. Kwa kawaida sehemu ya juu ya dirisha ina tukio la Agano la Kale, na chini yake tukio la Agano Jipya linaloendana nalo: Yona anatapikwa na samaki, na Kristo anafufuka. Aliyesoma Biblia ya Kiswahili tangu shule ya Jumapili atayatambua mengi bila mwongozo. Chukua darubini ndogo kama unayo, maana nyuso za watu wa juu hazionekani vizuri kwa macho matupu.

Vioo hivi kusalimika ni jambo kubwa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, wafuasi wa Bunge walivunja vioo na sanamu katika makanisa mengi ya eneo hili, na askari wao walifanyia kwata humu ndani, lakini vioo havikuguswa. Katika Vita Kuu ya Pili vingi vilishushwa kipande kwa kipande vikafichwa, na baada ya vita vikarudishwa mahali pake.

Kile kiambaza cha mbao katikati ni cha nini?

Kinagawa kanisa sehemu mbili: upande wa magharibi ulio wazi, na upande wa mashariki wanapokaa waimbaji na waumini. Kilichongwa kwa mwaloni kati ya 1532 na 1536, na juu yake kimekaa kinanda kikubwa. Tafuta herufi H na A zilizofungamanishwa. Ni za Henry wa Nane na malkia wake Anne Boleyn, aliyeolewa mwaka 1533 na kukatwa kichwa mwaka 1536. Mahali pengi alama zake zilifutwa baada ya kifo chake. Hapa zimebaki.

Linganisha pia pande hizo mbili. Mashariki kuta ni za kawaida, kwa kuwa Henry wa Sita aliagiza kwa maandishi kwamba kanisa lisizidishiwe mapambo. Magharibi, iliyomaliziwa na warithi wake, imejaa nembo za ukoo wao: mawaridi, malango ya chuma, mbwa na majoka. Mimi nafsi yangu iko na mashariki.

Mchoro ulio nyuma ya madhabahu ni wa nani?

Ni wa Peter Paul Rubens, na unaonyesha Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Aliuchora miaka ya 1633 hadi 1634 kwa ajili ya nyumba ya watawa huko Louvain, Ubelgiji. Chuo kilipewa mchoro huo zawadi mwaka 1961. Ili uenee chini ya dirisha la mashariki, sakafu ya sehemu hiyo ilishushwa, na hadi leo wapo wanaoona kwamba haikustahili kuguswa. Mchoro ni mzuri. Lakini rangi zake nzito na mwanga wa vioo vinavutana, na mimi ningependa zaidi kuuona peke yake, kwenye ukuta wa namna nyingine.

Kwaya ninayoisikia ikitajwa ni ipi?

Ni kwaya ya wavulana 16 na wanafunzi wa chuo 14, pamoja na wanafunzi wawili wa kinanda. Idadi ya wavulana 16 imo kwenye kanuni alizoziandika mwanzilishi mwenyewe katika karne ya 15, na bado inafuatwa. Wavulana hao husoma katika shule ya chuo, upande wa pili wa mto.

Hawaimbi kwa ajili ya watalii. Wanaimba ibada, karibu kila siku ya muhula, kwa desturi saa kumi na moja na nusu jioni siku za wiki na saa tisa na nusu alasiri Jumapili. Jumatatu huimba kwaya nyingine ya chuo, King's Voices, yenye wanafunzi wa kike na wa kiume. Ibada yenyewe ni Sala ya Jioni, ile ile anayoijua Mwanglikana wa Muheza au Maseno: zaburi, masomo mawili, Wimbo wa Mariamu, Wimbo wa Simeoni, maombi. Huchukua chini ya saa moja.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ushauri wangu wa mwanzo. Mchana utaona jengo. Jioni utaelewa kazi yake. Sauti ikishapanda kwenye dari ile haizimiki upesi; inabaki juu sekunde kadhaa, na waimbaji hawaharakishi, wanaipa nafasi ishuke ndipo waendelee. Hakuna mwongozaji anayeweza kukueleza hilo saa sita mchana, watu wakipiga picha. Fika mapema kabla ya wakati, panga foleni, kaa unapoelekezwa, simama wengine wanaposimama.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kuhudhuria?

Unakaribishwa, na hutatakiwa kukiri wala kutamka chochote. Wengi hukaa kimya wakasikiliza. Kanzu, buibui na hijabu si tatizo. Kama dhamiri yako hairuhusu kukaa kwenye ibada ya dini nyingine, ziara ya mchana inatosha kabisa kwa historia na ufundi. Jambo la kuangalia ni wakati: majira ya baridi magharibi huingia mapema, na Sala ya Jioni inaweza kugongana na sala yako.

Ibada ya mkesha wa Krismasi huingiwaje?

Ibada ya Masomo Tisa na Nyimbo ilifanyika hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1918, wiki chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika. Aliyeipanga ni Eric Milner-White, mkuu wa kanisa la chuo, aliyekuwa kasisi wa jeshi katika vita hivyo. BBC ilianza kuirusha mwaka 1928. Huanza kwa mvulana mmoja kuimba peke yake bila kinanda, na huwa hajui kwamba ni yeye mpaka dakika ya mwisho.

Nafasi ni chache na waombaji ni wengi mno, na utaratibu wa kuziomba hutangazwa na chuo wiki kadhaa kabla. Usinunue tiketi kwa mtu yeyote wa pembeni. Ukikosa, washa redio: saa tisa alasiri ya Cambridge ni saa kumi na mbili jioni Nairobi na Zanzibar.

Kuna uhusiano wowote na watu wa pwani yetu?

Upo, na hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa kuliko yote.

Kwenye sakafu ya upande wa magharibi kuna jiwe dogo lenye herufi CS na mwaka 1836. Ni kaburi la Charles Simeon, aliyeingia King's kutoka Eton, akawa mwanazuoni wa chuo, na kwa miaka 54 akawa padre wa kanisa la Holy Trinity, mwendo mfupi kutoka hapa. Simeon alikuwa miongoni mwa walioiasisi CMS (Church Missionary Society), shirika la wamisheni wa Kianglikana, mwaka 1799. CMS ndiyo iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kufanya makao Rabai. Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake.

Sasa toka nje. Kaskazini mwa kanisa, jengo la kwanza utakaloliona ni Senate House, jeupe, lenye nguzo. Humo, tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone aliwahutubia wanafunzi na walimu akiwaomba waendeleze Afrika kazi aliyoianza. Kutokana na wito huo ikazaliwa UMCA, misheni ya vyuo vikuu. Ilijaribu kwanza katika nchi ambayo leo ni Malawi, ikafiwa na askofu wake Charles Mackenzie mwaka 1862, kisha mwaka 1864 ikahamia Zanzibar. Hao ndio waliojenga Kanisa Kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wake, ndiye aliyetoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870 na kusimamia tafsiri za Biblia. Kaburi lake liko nyuma ya madhabahu ya Mkunazini.

Kwa hiyo nyuzi mbili za Kiswahili kilichochapwa kwa herufi za Kirumi, ya Mombasa na ya Unguja, zinakutana hapa katika mita chache. Yapo mengi ya kusema kuhusu misheni na ukoloni uliofuata, na msomaji anayo haki ya kuyasema akiwa amesimama papo hapo. Wala Kiswahili hakikuanzia kwa wamisheni: tenzi zilikuwa zikiandikwa kwa hati ya Kiarabu karne nyingi kabla yao. Lakini Mswahili anayepita kwenye jiwe lile bila kulitazama anapitwa na sehemu ya habari zake mwenyewe.

Ninaweza kuona chuo chenyewe pia?

Sehemu zilizo wazi, ndiyo, nje ya kipindi cha mitihani. Jengo refu la mawe meupe linalosimama pembeni mwa kanisa lilianza kujengwa mwaka 1724, na mchoraji wake, James Gibbs, ndiye aliyechora Senate House. Lango na ukuta wa mbele ni wa William Wilkins, wa miaka ya 1820, ingawa wengi hudhani ni wa zamani kama kanisa.

Vyumba vya wanafunzi haviingiwi. Ni nyumba za watu. Alan Turing, aliyeweka misingi ya kompyuta, aliingia hapa mwaka 1931, na tangu 2024 kuna sanamu ya chuma ya Antony Gormley ya kumkumbuka. Wanawake walianza kupokelewa mwaka 1972.

Naweza kukanyaga nyasi?

La. Ruhusa hiyo ni ya wanazuoni wa chuo na wageni wanaoongozana nao. Kuelekea mtoni, sehemu iliyokuwa nyasi fupi sasa ni shamba la maua ya porini, na mwezi Juni linapendeza sana.

Picha?

Za kumbukumbu zako, ndiyo, bila mwanga wa kamera na bila stendi ya miguu mitatu. Wakati wa ibada, kamwe. Zima na simu.

Watoto, wazee, viti vya magurudumu?

Sakafu ya kanisa ni tambarare kwa sehemu kubwa. Mwenye kiti cha magurudumu awaambie mabawabu mlangoni wamwonyeshe njia. Watoto wanakaribishwa hata kwenye Sala ya Jioni. Ukiwa na mdogo asiyetulia, kaa karibu na mlango. Usije na sanduku la safari.

Na zile mashua za mtoni?

Ni mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo, na anayetoka Lamu au Pemba hatahitaji kufundishwa. Zinapita nyuma ya King's na vyuo jirani, na kanisa likionekana kutoka majini linajitenga na majengo mengine vizuri zaidi kuliko ukiwa barabarani. Bei za mawakala wa barabarani hutofautiana sana, basi uliza zaidi ya mmoja.

Nitenge muda gani?

Saa moja na nusu kwa kanisa na viwanja, nusu saa kwa Senate House kwa nje na mtaa wake, kisha chakula. Siku za wiki, uwe kwenye foleni ya Sala ya Jioni kufikia saa kumi na moja. Treni za kurudi London zipo hadi usiku.